Mzee Aliyekataa Kusalimia Miguu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika kiwanda cha majani chai upande wa Merigi, na juu ya ukarani huo nilikuwa katibu wa kamati ya usalama kazini. Ukatibu sikuuomba. Meneja alikuwa akitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika mabango ya ukutani. Siku moja alipita mezani kwangu, akainama juu ya daftari la mizani, akasema nimefaa. Kuanzia siku hiyo watu wakaanza kuniuliza mambo ya usalama, nami nikaanza kuwajibu.

Niliandika mabango ya kuvaa glavu, ya kutokimbia kwenye ngazi, ya kutoweka chupa ya chai karibu na mashine ya kukata majani. Baadaye nikapewa kijitabu cha Kiingereza nikitafsiri kwa Kiswahili, ili wafanyakazi wote wakielewe. Ukurasa nilioupenda zaidi ulihusu mizigo mizito. Niliuandika mara mbili ili herufi zikae sawa. Ulisema kwamba mtu asiingie kamwe chini ya kitu kilichoinuliwa na mashine, isipokuwa kuna kitu kingine imara kilichokishikilia. Niliubandika karibu na mlango wa mafundi wa bola, lile tanuru la mvuke wa kukaushia chai. Mafundi wakausoma, kisha wakaniuliza ni nani kati yao niliyemfikiria mjinga kiasi hicho. Niliwaambia kwamba ajali haibagui. Nilisema kwa sauti ya upole, kama mtu anayewasamehe.

Wakati huo nilikuwa na gari, stesheni wagon kuukuu ya rangi ya chai ya maziwa, nililonunua kwa mwalimu mstaafu. Lilikuwa gari zuri ukilitazama kutoka upande wa kushoto. Mke wangu, aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza, hakuwa na shida nalo, ila alisema kwamba gari likishazoea mwenyewe mmoja kwa miaka ishirini halikubali mwingine kwa urahisi. Nilidhani anatania.

Jumamosi moja tulikwenda Chebunyo kumtazama mtamba ambaye tulikuwa tumesikia anauzwa. Mtamba hatukumpenda, na tulipokuwa tukirudi, jiwe la barabara ya huko likagonga bomba la moshi, likakatika kwenye kishikizo chake cha nyuma. Kuanzia pale hadi nyumbani tulikuja na mlio ambao mbwa walitoka kuukimbilia, kisha wakauogopa, wakarudi.

Juma zima nilikwenda kazini hivyo. Nikiwasha gari asubuhi, ukingo mzima wa mlima ulijua katibu wa usalama ameamka. Mke wangu akaniambia kwamba watoto wa darasa lake wameacha kuuliza saa. Wakinisikia nikipita wanatoa vitabu. Nilimwambia Jumamosi nitalitengeneza mwenyewe. Akaniuliza kama si afadhali kulipeleka kwa fundi Kericho. Nikamwambia hiyo ni kazi ya waya na koleo tu, dakika kumi, na kwamba mtu anayewafundisha wengine kazi hawezi kushindwa na kipande cha bomba.

Jumamosi ilipofika, ardhi ilikuwa bado na unyevu. Kwetu mvua hunyesha mchana karibu kila siku, na udongo wetu mwekundu hauhitaji kubembelezwa sana ili uwe matope. Gari lilikuwa limeegeshwa karibu na zizi, pua ikiwa imeelekea juu, kwa sababu uwanja wetu ulikuwa na mteremko kidogo. Kulikuwa na sehemu tambarare na ngumu mbele ya nyumba, ambapo tulikuwa tumemwaga changarawe, lakini mke wangu alikuwa ameanika mahindi pale juu ya turubai. Niliona kwamba kuhamisha mahindi ni kazi kubwa kuliko ile niliyokuwa nayo.

Nikatoa jeki, ile ya mkasi iliyokuja na gari. Nikaitia chini, upande wa nyuma, karibu na gurudumu la kulia, nikaanza kuzungusha. Mwanzoni gari halikuinuka. Ni jeki iliyokuwa ikishuka. Ilizama udongoni kiasi cha vidole vitatu, ndipo ikapata kitu cha kukanyagia na gari likaanza kupanda. Nilijisikia vizuri sana lilipopanda. Gurudumu likaacha ardhi, nikalisukuma kwa kidole likazunguka kidogo, nikajiona mtu wa maana.

Hapo handibreki ikalalamika na gari likasogea nyuma kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kitini. Nikachukua jiwe nikaliweka kwenye gurudumu la mbele. Niliyatambua makosa yangu yote baadaye, lakini kosa la jiwe ndilo linaloniaibisha zaidi, maana nililiweka upande wa juu wa gurudumu. Yaani nililizuia gari lisipande mlima.

Mke wangu alitoka jikoni na ndoo ya maziwa. Akasimama, akatazama.

“Hiyo gari imeshikwa na nini?” akauliza.

“Na jeki,” nikamjibu.

“Na jeki imeshikwa na nini?”

Nilitazama chini. Jeki ilikuwa imesimama katika matope kama mtu aliyevaa gambuti. Nikamwambia kwamba matope yakibanwa huwa magumu. Alikaa kimya. Mke wangu akikaa kimya huwa hakubali wala hakatai, anakupa muda ujisikie mwenyewe ulichosema. Mimi sikuutumia muda huo. Nilimwomba aweke ndoo chini, aingie ndani ya gari akanyage breki, ili lisisogee tena.

“Na nikitaka kukohoa?” akauliza.

“Kohoa, lakini usitoe mguu.”

Akaingia. Sasa tulikuwa na gari lililosimama juu ya miguu mitatu na jeki, kwenye mteremko, juu ya matope, mama wa watoto wangu ndani yake na mimi naelekea kuingia chini. Kama fundi yeyote wa bola angefanya hivyo kiwandani, ningemwandikia barua. Nililaza gunia, nikalala chali, nikajisukuma ndani kwa visigino mpaka kifua changu kikawa chini ya bomba. Kule chini kulikuwa na harufu ya grisi na kinyesi cha ng'ombe. Nikaanza kuzungusha waya.

Waya wa kwanza ulikatika. Wa pili nilikuwa nimeufunga nusu nilipoona miguu ya mtu inakuja kutoka upande wa lango. Nilivitambua viatu, na fimbo iliyokuwa pembeni mwa viatu. Alikuwa jirani yetu, mzee aliyeendesha trekta katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho kwa miaka mingi, mpaka akastaafu na kurudi kwake kufuga ng'ombe wanne. Alikuwa mtu wa taratibu. Alikuwa na heshima ya kanisani hata akiwa zizini.

Akasalimu. Nikamwitikia kutoka chini ya gari, nikamwambia karibu mzee, namalizia tu. Sikusikia jibu. Viatu havikusogea. Nikaendelea kusokota waya, nikitumaini kwamba angezungumza na mke wangu. Ndipo akainama kidogo, si sana, maana mgongo wake haukuruhusu.

“Toka nikusalimie,” akasema. “Mimi siwezi kusalimia miguu.”

Nilikasirika. Nakumbuka vizuri kwamba nilikasirika, kwa sababu waya ulikuwa umebaki mzunguko mmoja tu na nilijua nikiuachia ungefunguka. Lakini huyo alikuwa rika la baba yangu, amekuja kwangu kwa mguu, na kwetu mtu hampi mzee soli za viatu. Nikauachia waya, ukafunguka. Nikajikokota nje, nikapangusa mkono kwenye suruali, nikampa. Akaupokea, akaushika, akaanza.

Salamu za mzee yule hazikuwa fupi. Aliuliza habari za nyumbani, kisha za watoto mmoja mmoja, kisha za kazi. Mke wangu naye, akiwa ndani ya gari, alijiona hana adabu kukaa kitini wakati mgeni amesimama. Nilimwona akifungua mlango. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno, lakini mkono wangu ulikuwa bado mkononi mwa mzee na tulikuwa tumefika kwenye habari za mvua.

Akatoa mguu kwenye breki, akashuka.

Gari halikuanguka mara moja. Lilirudi nyuma taratibu, kama hatua moja. Jeki ikaegemea upande, ikatulia hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha ikachomoka. Sikusikia mlio mkubwa nilioutarajia. Nilisikia kishindo kizito, cha chini, ambacho nilikisikia zaidi miguuni kuliko masikioni. Ng'ombe wakainua vichwa. Mlango ambao mke wangu alikuwa ameuacha wazi ukajifunga wenyewe. Gari likateleza hatua nyingine mbili, likagota kwenye nguzo ya zizi, likasimama.

Gunia nililokuwa nimelalia lilibaki pale lilipokuwa. Tairi ya nyuma ilikuwa imekanyaga katikati yake na kuendelea, ikiacha alama nzuri kabisa, yenye michoro yote.

Mke wangu alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi niliangalia gunia, nikapima kwa macho mahali kifua changu kilipokuwa. Mzee alikuwa bado ameshika mkono wangu. Aliutazama ule uzito wote uliolala pale, akanitazama mimi, kisha akamalizia alipokuwa amefikia.

“Na ng'ombe?” akauliza.

Nikamwambia ng'ombe ni wazima.

Tulimpeleka ndani akapewa mursik, maziwa yetu ya mala. Ilichukua muda kabla hatujajua kilichomleta. Nguzo moja ya ghala lake la mahindi ilikuwa imeliwa na mchwa, pembe ile ikainama, na alitaka kuinua ghala aweke nguzo mpya. Alikuwa amesikia kwamba karani ana jeki. Nilimwambia jeki nitampa, kama bado ni jeki. Akasema hana haraka.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda Kericho kununua jeki nyingine, maana ile ilikuwa imepinda kama mguu wa panzi. Mke wangu, shule zikiwa zimefungwa Ijumaa iliyopita, alisema atakuja pia. Sikumuuliza kwa nini. Duka tulilokwenda lilikuwa katika barabara ya nyuma, mbali kidogo na stendi ya matatu, na mwenyewe alikuwa mama wa makamo ambaye watu wake walikuja huku kutoka upande wa Nyeri zamani. Alivaa kitambaa kichwani na sweta ya mikono mirefu, na alijua kila spea ilipo bila kutazama.

Nilimwambia nataka jeki. Akauliza ya zamani imefanya nini. Nikamwambia ilikuwa mbovu.

“Haikuwa mbovu,” mke wangu akasema, kwa sauti aliyozoea kuwasemesha watoto wa darasa la kwanza. Kisha akamweleza yote, tangu matope mpaka jiwe. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, bila kuongeza wala kunionea huruma. Mimi nilisimama nikisoma maandishi kwenye makopo ya oili.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Aliingia nyuma, akarudi na jeki ya chupa, ile fupi nene inayoinua kwa mafuta, akaiweka juu ya meza. Kisha akaingia tena, akaleta vyuma viwili vya miguu mitatu, vyenye pini ya kupandisha na kushusha, akavitua sakafuni kwa kishindo.

“Jeki ni ya kuinua,” akasema. “Ya kushika ni hii. Inaitwa stendi.”

Nikamwambia, kwa sababu nilitaka kubaki na kitu, kwamba mafundi wengi wazuri wa mjini huwa naona hawaweki stendi. Akainama akazungusha moja ya zile stendi, jina la duka likaangalia mbele.

“Bwana yangu alikuwa fundi,” akasema. “Hapa mjini hakuna mtu alijua kazi kama yeye. Ndiyo maana hakuwa anaweka.”

Mke wangu alimgusa mkono, wakasemezana kidogo kwa sauti ya chini, mambo ya watoto na karo. Mimi nilibeba stendi zote mbili nje, moja kila mkono, na zilikuwa nzito.

Jumamosi iliyofuata mke wangu ndiye aliyesimamia kazi. Aliamka mapema akahamisha mahindi yake yote na kukunja turubai, bila kusema lolote, na kila debe alilobeba lilikuwa kama neno. Tukalisukuma gari, tukalileta kwenye changarawe. Mzee wetu alifika na kigoda chake, akakaa mahali pa kuonea. Alisema amekuja kutazama tu. Baada ya dakika chache alikuwa akitoa maagizo kwa fimbo.

Niliingiza gari gia ya kwanza, nikavuta handibreki. Mzee akanielekeza kuweka mawe mawili makubwa nyuma ya magurudumu ya mbele, na mawili mbele yake, akisema kwamba trekta lilimfundisha kutoamini upande mmoja. Nikaweka kipande cha ubao mnene chini ya jeki ili isizame. Nilikuwa nimeandaa matofali yaliyobaki tulipojenga jiko, nikifikiri yatasaidia kushikilia. Mzee akayakataa. Alisema tofali hukaa kimya, halipindi wala halilii, halafu linapasuka mara moja. Kama huna stendi, alisema, tafuta magogo mazito ya mkaratusi uyapange kwa kukingamanisha, mawili hivi na mawili hivi, kama wanavyopanga kuni.

Nikainua. Nikaweka stendi chini ya ekseli, moja kila upande, nikateremsha gari mpaka likazikalia. Nikauliza kama sasa naweza kuingia.

“Tikisa kwanza,” mke wangu akasema.

Nikatikisa. Akasema nitikise kama mtu aliyekula. Nikaweka bega, nikasukuma kwa nguvu zangu zote mpaka nikatokwa na jasho, na gari halikusogea hata kidogo. Akaja akasukuma yeye mwenyewe. Kisha akaniruhusu. Watoto waliambiwa wasikaribie, na hakuna aliyekaa ndani ya gari. Yote hayo yalichukua saa moja na nusu. Kufunga bomba kulichukua dakika kumi, kama nilivyokuwa nimesema tangu mwanzo, na nilipotoka chini nilifanya kosa la kumkumbusha mke wangu jambo hilo.

Ghala la mzee tuliliinua wiki ile ile. Alitufundisha kuinua kidogo, kuweka gogo, kuinua kidogo, kuweka gogo, ili kitu kisipate nafasi ya kuanguka mbali. Katika kazi ile nilijifunza mambo ambayo hayakuwa katika kijitabu changu chote, kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kukisoma.

Kiwandani sikusema kitu kwa muda. Lakini mwezi uliofuata ilikuwa zamu yangu kuzungumza katika mkutano wa kamati, na sikuwa na mada nyingine. Nikasimama, nikasema kwamba kuna mtu mmoja ninayemfahamu, wa huku huku kwetu, ambaye karibu aangukiwe na gari nyumbani kwake. Nikaeleza matope, mteremko na jiwe. Mafundi wa bola walisikiliza kwa umakini ambao sikuwa nimeuzoea kwao. Nilipomaliza, mkubwa wao akainua mkono. Aliuliza kwa adabu kama huyo mtu sasa anaweza kulala usingizi. Wengine wote walikuwa wanaangalia sakafu, na mabega yao yalikuwa yanatikisika. Kumbe mzee wangu alikuwa ameshaisimulia habari yote kwenye kituo cha kupimia majani, siku ya pili tu, mbele ya foleni nzima ya wachuma chai.

Nikajibu kwamba huyo mtu halali vizuri sana. Hiyo ilikuwa kweli. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiamka na kuhisi uzito kifuani, nikanyoosha mkono kupapasa kama ni blanketi tu. Hakuna aliyecheka tena. Yule mkubwa wa mafundi akasema kwamba yeye pia ana pikapu nyumbani, na akaniuliza stendi zinapatikana wapi.

Stendi zetu zikawa maarufu. Watu walikuja kuziazima kutoka pande zote za Merigi, na mke wangu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo. Hakuwapa watu tu na kuwaacha waende. Kama ni karibu alifuatana nao, akaangalia ardhi, akaangalia mawe, akasukuma gari kwa bega lake kabla ya mtu kuingia chini. Wanaume waliona ni ajabu mwanzoni, kisha wakazoea. Mchungaji wetu alipotaka kubadilisha springi za gari lake, alisali kwanza, sala ndefu yenye kumtaja kila mtu aliyekuwepo. Mke wangu aliitikia amina, akafungua macho, akamwomba mchungaji asogee kidogo ili alitikise.